Kuihifadhi Miti Midogo Wakati wa Baridi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe ya Chama Kikuu chetu kutimiza miaka kumi, na kuchapishwa hapa kwa ombi la wanachama



Katika sherehe kama hii ni desturi ya wasemaji kuhesabu magunia yaliyouzwa, maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa. Mambo hayo yamekwisha kuelezwa na wenzangu wanaoyajua zaidi kuliko mimi. Mimi nimekitumikia Chama hiki katika vitalu vya miche, na mtu wa vitalu akiombwa kusema, hana budi kusema juu ya miche. Nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni baridi.

Naomba mnivumilie nikianzia mbali, katika nchi ya Japani, na kwa miti ambayo haizai tunda la kuuzwa wala haipasuliwi mbao. Naanzia huko kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo la kweli. Na niliporudi nalo nyumbani nililitumia vibaya, hasara ikawapata ninyi. Kwa hiyo maneno yangu ya leo ni mafunzo, na pia ni kuungama kosa.

MITI YA SINIANI

Wajapani wana ufundi uitwao bonsai. Jina hilo maana yake ni mti uliopandwa katika chombo kipana chenye kina kifupi, mfano wa sinia. Ufundi huu asili yake ni Uchina, ukaingia Japani karne nyingi zilizopita. Watu wengi hudhani kuwa bonsai ni mti wa jamii ndogo, kama vile kuna mbuzi wafupi. Sivyo. Ni msonobari ule ule ambao ungeachwa msituni ungekuwa mrefu kupita paa la nyumba hii. Umefanywa mdogo kwa kupogolewa matawi na kupunguzwa mizizi, mwaka baada ya mwaka, na mtu mwenye subira.

Nilipelekwa Japani kwa mafunzo ya utunzaji wa vitalu, na miezi yangu huko ikaangukia majira ya baridi. Siku moja ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka Omiya, mahali palipo kaskazini ya Tokyo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi na moto uliolifuata viliangamiza sehemu kubwa ya mji wa Tokyo. Baadhi ya mafundi wa bonsai waliamua kuhama, wakatafuta udongo mwema, maji safi na hewa isiyo na moshi, nao kuanzia mwaka 1925 wakajenga kijiji chao huko Omiya.

Wenzangu wa ushirika, sikilizeni masharti waliyojiwekea mwaka 1928. Kila akaaye kijijini awe na miti isiyopungua 10. Kila mmoja aifungue bustani yake kwa yeyote atakaye kutazama. Asijenge nyumba ya ghorofa. Ua wake uwe wa mimea. Hapana serikali iliyowalazimisha. Walikubaliana wao wenyewe. Jirani akijenga ghorofa, kivuli chake chaweza kuangukia miti ya mwenzake. Na mtu akifunga lango lake, ujuzi wake hufungwa pamoja naye. Nilipoyasikia masharti hayo nilijiona kama niliyerudi katika mkutano wa chama cha msingi.

MIZIZI NDIYO IOGOPAYO BARIDI

Katika bustani mojawapo nilikuta misonobari imepangwa nje juu ya meza za mbao, na asubuhi ile barafu imelala juu ya udongo wa vyombo vyao. Lakini mepo, mti wenye vitawi vyembamba kama nywele, ulikuwa umeondolewa nje. Ulikuwa umewekwa ndani ya kibanda cha chini chini, nusu yake kimechimbiwa ardhini, ambacho wenyewe hukiita muro. Hamkuwa na moto ndani ya kibanda hicho. Nikamwuliza mzee mwenye bustani, kwa msaada wa mkalimani, kwa nini asiwashe moto kidogo ili kuipasha miti yake. Akatabasamu, akasema kuwa mti aliouamsha usiku wa manane hatauweza kuulaza tena.

Maneno hayo yataka kuelezwa. Mti wa nchi za baridi hulala. Siku zinapokuwa fupi na usiku kuwa wa baridi, mti hutambua, huacha kukua, na ikiwa ni wa jamii ipukutishayo majani huyaangusha yote. Maji hupungua ndani ya chembe zake na sukari huongezeka, na vitawi hukomaa. Mti uliokwisha kulala hivyo waweza kustahimili, matawini, baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, na baadhi ya jamii huvuka hapo.

Mizizi haina usingizi mzito kama huo. Tangu zamani mizizi imelindwa na ardhi. Na ardhi, hasa ikiwa imefunikwa na theluji, hukaa karibu na sifuri hata kama hewa iliyo juu yake imeshuka mno. Sasa uchukue mti huo na kuutia katika sinia lenye kina cha vidole vinne. Baridi yaingia kwa juu, kwa chini na kwa pande zote nne. Mizizi midogo ya miti mingi huanza kufa baridi ifikapo digrii 5 hadi 10 chini ya sifuri, na huku matawi hayajaona taabu yoyote.

Ubaya wa kifo hicho ni kwamba hakionekani. Majira ya kuchipua yafikapo, mti hufungua macho yake kwa maji yaliyobaki shinani, mwenye mti akafurahi, na baada ya wiki chache majani yakanyauka. Mti ulikufa Januari, ila tanzia yake ilitangazwa Aprili.

KILA NCHI NA BARIDI YAKE

Nilidhani kuwa yule mzee wa Omiya amenifundisha dawa ya baridi. Kumbe alinifundisha dawa ya baridi ya Omiya. Huko majira ya baridi ni makavu, mbingu ni safi, jua huwaka mchana, usiku joto hushuka chini ya sifuri kidogo, na upepo mkavu huvuma kutoka milimani. Adui mkubwa wa hapo ni upepo, kwa sababu hukausha vitawi ambavyo mizizi iliyoshikwa na barafu haiwezi kuvinywesha. Kwa hiyo kibanda chenye kuzuia upepo chatosha.

Vukeni milima mwende upande wa magharibi wa Japani hiyo hiyo, mtakuta theluji nyingi na nzito. Huko adui ni uzito. Katika bustani ya Kenroku-en, mjini Kanazawa, kila mwaka kuanzia tarehe 1 Novemba watunzaji husimamisha mlingoti kando ya msonobari na kufunga kamba kutoka kileleni hadi kila tawi, ili theluji isiyavunje. Mti hausongwi na baridi pale. Wavunjwa mgongo na mzigo.

Nendeni Kanada, au majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako baridi yaweza kushuka digrii 20 na zaidi chini ya sifuri kwa siku nyingi mfululizo. Huko wenye bonsai wengi hulichimbia chombo lote ardhini, wakafunika mizizi kwa majani makavu au vipande vya mbao, tena huchagua upande wa nyumba usiopigwa na jua. Ajabu, sivyo? Wakimbia jua katikati ya baridi! Sababu ni kwamba jua la mchana huyeyusha, usiku hugandisha tena, na kule kuyeyuka na kuganda mara kwa mara ndiko kunakoua kuliko baridi iliyotulia. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na chombo cha udongo kilichojaa maji hupasuka kama chungu. Wengine huweka miti katika banda lisilo na moto, lakini hawasahau kuitazama: udongo usikauke kabisa, na panya wasitafune magome chini ya majani.

Uingereza kwa kawaida haina baridi kali kama hiyo, ila ina mvua isiyokoma na mawingu. Huko mti katika chombo waweza kufa kwa maji yaliyotuama, mizizi ikaoza. Kwa hiyo vyombo huinuliwa kwa vigingi ili maji yapite, na miti mingine hutiwa chini ya paa ingawa haina haja ya ukuta. Hatari nyingine huja mwishoni: siku chache za joto huidanganya miti ikachipua mapema, kisha baridi hurudi usiku mmoja na kuyaunguza machipukizi mapya.

Na katika nchi za joto, kama Singapore au ncha ya kusini ya Florida, mambo hugeuka kabisa. Mepo ukipelekwa huko hauuawi na baridi, bali huuawa na ukosefu wake. Haulali, hukua bila kupumzika, hudhoofu mwaka hata mwaka, mwisho hufa. Ndiyo maana mafundi wa huko hutumia miti ya kwao, kama ile ya jamii ya mkuyu. Na miti hiyo ya jamii ya mkuyu ikipelekwa Ulaya, hainufaiki na kibanda kisicho na moto. Hutakiwa kuingizwa nyumbani dirishani, kabla usiku haujashuka chini ya digrii 10 au karibu yake.

Mnaona basi. Kitendo kimoja, kwa mfano kuuingiza mti katika nyumba yenye joto, chaweza kuwa uhai kwa mti mmoja na mauti kwa mwingine. Anayeuliza, “Nifanye nini wakati wa baridi?” hajauliza swali kamili. Yampasa kwanza aulize: Ni mti gani huu? Umelala au uko macho? Ni sehemu yake ipi iliyo hatarini? Na baridi yenyewe yaja kwa njia gani?

KOSA LANGU

Mimi sikuyauliza maswali hayo.

Nilirudi nyumbani katika mwaka wa pili wa Chama Kikuu chetu, wakati tulipokuwa tumeanzisha kitalu cha miche ya matufaha na maparachichi ya kubebeshwa. Sote twaijua baridi ya nyanda zetu hizi. Mtu wa pwani akisikia kuwa Makete na Njombe kuna sakitu, yaani ule umande ugandao ukawa mweupe kama chumvi juu ya majani, hucheka na kudhani kuwa twamtania. Lakini mwenye kupita uwanda wa Kitulo alfajiri katika mwezi wa Julai hatacheki.

Nikatazama miche yetu ndani ya viriba, nikasema moyoni: kiriba ni sinia. Mizizi iko hewani, haina ardhi ya kuikinga. Hilo lilikuwa kweli. Kisha nikasema: basi tuifanyie kama Kanada. Nikaagiza nyasi kavu nyingi zitandazwe baina ya viriba na juu ya udongo wake, unene wa kiganja kizima. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, aliniambia, “Mwanangu, sisi wakati huu huziondoa nyasi bustanini.” Nilimshukuru kwa adabu, nikaendelea na nyasi zangu. Nilikuwa nimetoka Japani.

Usiku wa sakitu ya kwanza ukaja: mbingu safi, nyota tele, upepo kimya. Asubuhi nilikuta majani ya maparachichi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hapo jirani kulikuwa na tuta moja ambalo vibarua hawakuwahi kulifunika, udongo wake mtupu na umelowa kwa kumwagiwa maji mchana. Tuta lile lilikuwa limeungua kidogo tu.

Nilichukua muda mrefu kuelewa, na yafaa niwaeleze kwa ufupi. Sakitu yetu si kama baridi ya Kanada. Hapa mchana jua huwaka na udongo hukusanya joto lake. Usiku usio na mawingu joto hilo hupanda na kupotea angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutambaa ardhini na kuteremka mabondeni kama maji. Hatari yetu ni saa chache tu kabla ya mapambazuko. Kwa saa hizo chache udongo wa kiriba hauwahi kuganda, na mizizi haina neno. Walio hatarini ni majani, maana miparachichi haipukutishi majani wala hailali, na mche mchanga waweza kuunguzwa na digrii moja au mbili tu chini ya sifuri.

Sasa, majani hayo usiku hupashwa na kitu kimoja tu: joto litokalo udongoni. Nyasi kavu ni blanketi. Mchana zilizuia jua lisiingie udongoni, na usiku zilizuia joto dogo lililomo lisitoke. Kwa mti uliolala, usio na majani, ambao mizizi yake ndiyo iogopayo, blanketi hilo ni wokovu. Kwa mche ulio macho, majani yake yakiwa juu ya blanketi, ni hukumu. Nilikuwa nimeivika miche yetu viatu vya sufi nikaiacha kichwa wazi. Wazee husema kuwa nguo ya kuazima haisitiri, nami nikalijua maana yake kitaluni.

Lakini kosa hilo halikuwa kubwa kama lililofuata. Baada ya wiki kadhaa, mingi ya miche iliyoungua ilianza kuchipua. Tulifurahi. Baadhi yake ikagawiwa kwa wanachama pamoja na miche mizima. Hatukutazama kwa makini chipukizi lilitokea wapi. Mche wa kubebeshwa ni miti miwili: chini ni mti uliooteshwa kwa mbegu, juu ni kikonyo cha mti ulio bora. Sakitu ilikuwa imeua kikonyo, na kilichochipua kilikuwa mti wa mbegu, chini ya kiungo. Wapo humu ndani wanachama waliolea miche hiyo kwa miaka, wakaipalilia na kuitilia samadi, mwisho ikazaa matunda madogo ambayo mnunuzi hakuyataka. Wengine walidhani kuwa wamedanganywa. Hawakudanganywa kwa makusudi, lakini hasara ya shamba haijui makusudi. Nilimweleza Katibu wakati ule, na Bodi ikawapa miche mingine wale tuliowajua. Miaka iliyopotea haikurudishwa. Leo, mbele ya mkutano wote, nawaomba radhi. Na yeyote ambaye hakufikiwa, asione haya kunijia.

YATUPASAYO KUFANYA

Wanachama wenzangu, majuto bila matengenezo ni kelele. Nawaleteeni mambo machache, ambayo kwa miaka tangu hapo tumeyajaribu katika kitalu chetu.

Kwanza, mahali pa kitalu. Kisiwe bondeni, kwa kuwa baridi hutiririka na kutuama huko. Kiwe kwenye mteremko, na ua wake wa upande wa chini uwe na nafasi ya kupitisha hewa. Ua mzito usio na upenyo, uliopandwa chini ya kitalu, ni boma la kuzuia mafuriko ya baridi yasitoke. Tena mtu akipanda ua wa namna hiyo mpakani, aweza kuyatuamisha mafuriko hayo juu ya shamba la jirani aliye juu yake. Hapa nawakumbusha watu wa Omiya na masharti yao.

Pili, kuikaza miche kabla ya Juni. Kuanzia mwisho wa masika tuache mbolea yenye naitrojeni nyingi na tuache kupogoa sana, kwani vyote viwili huchochea machipukizi laini, nayo ndiyo chakula cha sakitu. Tupunguze kivuli kidogo kidogo ili majani yakomae. Kwa namna hii twaipatia miche yetu sehemu ndogo ya ule usingizi ambao mti wa Kijapani huupata wenyewe.

Tatu, udongo. Katika miezi ya sakitu tuondoe nyasi kavu na magugu baina ya matuta, tuvisogeze viriba vikaribiane, na vile vya pembeni tuvipigie udongo. Tumwagilie maji mapema mchana, maana udongo uliolowa huhifadhi joto zaidi ya mkavu. Nyasi za kutandaza zina kazi kubwa wakati wa kiangazi kikali, wala sisemi zitupwe. Nasema zirudishwe sakitu ikiisha.

Nne, paa. Blanketi letu likae juu ya majani. Kichanja cha fito kilichoezekwa nyasi, kimo chake kikizidi miche kidogo, hushika joto lipandalo kutoka udongoni na kulirudisha chini. Kifunikwe kabla jua halijatua, kifunuliwe asubuhi, ili mchana udongo upate jua. Nyasi zisiguse majani.

Tano, baada ya kuungua, tusiwe na haraka ya kukata. Tungoje tuone uhai umeishia wapi. Na hapa nasisitiza: kila mche uliochipua baada ya sakitu uchunguzwe kiungo chake kabla haujatoka kitaluni. Chipukizi likiwa juu ya kiungo, ni mche wetu. Likiwa chini, ubebeshwe upya au utupwe. Usitolewe kwa mwanachama kwa bei yoyote, hata bure.

Sita, kipimajoto. Naomba kila chama cha msingi kinunue kipimajoto kimoja chenye kuhifadhi alama ya baridi ya chini kabisa ya usiku, kikatundikwe kwa kimo cha miche. Usiku wa kimya majani hupoa kuliko hewa iliyo kifuani pa mtu; kipimajoto kilichotundikwa juu chaweza kuonyesha digrii mbili au tatu juu ya sifuri na huku sakitu imekwisha kulala chini. Daftari liandikwe kila asubuhi. Baada ya miaka michache tutajua ni kijiji gani kinafaa kwa parachichi na ni kipi kibaki na matufaha na viazi, na hatutamwuzia mwanachama mche ambao bonde lake litaula.

Kwa upande wa matufaha neno moja. Mti huo, kinyume cha parachichi, hutaka baridi. Jamii nyingi za Ulaya huhitaji saa 800 hadi 1,000 za ubaridi ulio kati ya sifuri na digrii 7 ili zichipue vema. Sisi hatuna saa hizo, na ndiyo sababu tunapanda jamii kama Anna, iliyozalishwa Israeli na kuhitaji ubaridi kidogo. Huko Batu, katika Java ya Mashariki, wakulima huyachuma majani yote ya mtufaha kwa mikono baada ya mavuno, mti ukadhani kuwa baridi imepita, ukachipua tena. Ni ujuzi mzuri. Lakini, mkiisha kusikia habari yangu, mtauliza maswali manne kabla ya kuujaribu.

MSONOBARI WA HIROSHIMA

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia mwisho.

Katika jiji la Washington, katika bustani ya taifa ya miti, kuna msonobari mweupe wa Kijapani uliotunzwa chomboni tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 msonobari huo ulikuwa Hiroshima, katika kitalu cha ukoo wa Yamaki, kadiri ya kilomita 3 kutoka mahali palipolipukiwa na bomu la atomiki. Ulisimama nyuma ya ukuta, ukapona, na ukoo ule ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa watu wa Marekani, pamoja na miti mingine 52 iliyotolewa na Japani, wala habari ya bomu haikujulikana huko hadi wajukuu wake walipokwenda kuutazama mwaka 2001.

Mti huo umepita katika majira ya baridi ya miaka 400. Hapana mtu mmoja aliyeutunza miaka hiyo yote. Kila aliyeupokea alifundishwa na aliyemtangulia, akaupeleka mbele, akafa. Ulipohamia nchi nyingine waliopewa iliwabidi wajifunze baridi ya Washington, kwa maana baridi ya Hiroshima haikuhama pamoja nao.

Chama chetu kina miaka kumi. Kwa hesabu za msonobari ule, hatujatoka katika kitalu. Vyama vya ushirika vingi katika nchi yetu vilipata kusitawi kisha vikanyauka, na wazee mliomo humu mwaijua habari hiyo kuliko mimi. Vingine viliuawa na dawa za kuazima, na vingine viliuawa mizizini, pasipo kuonekana, kwa sababu wakubwa hawakuwaambia wanachama hasara ilipotokea. Ndiyo maana nimechagua kuwasimulia habari ya nyasi zangu katika siku ya sherehe, badala ya kuihifadhi kabatini.

Yule mama aliyenionya juu ya nyasi yuko hapa leo, ameketi safu ya tatu. Tangu mwaka ule hatuanzi msimu wa baridi kitaluni kabla hajapita kukagua matuta. Naiomba Bodi iandike katika daftari la mkutano huu kwamba kila chama cha msingi kitateua mkulima mmoja mwenye umri na uzoefu wa mahali pake, kufanya kazi hiyo hiyo pamoja na bwana shamba, na kwamba neno lake litasikilizwa hata kama bwana shamba ametoka Japani jana.

Juni haiko mbali. Fito zikatwe mapema.